Majilio Yashikwe Nyumbani Pia

Jumapili nne zitanguliazo Krismasi huitwa Jumapili za Majilio, yaani siku za kumngojea ajaye. Kwa Kilatini huitwa *adventus*, na maana yake ni kuja. Jumapili ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtume Andrea. Kwa hiyo haiwi kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba.

Desturi hii si ngeni katika milima ya Pare, maana wamisionari wa Leipzig walianza kazi Shighatini mwaka 1900. Walakini hapa Ngujini, kama penginepo, wako wadhanio kwamba Majilio ni kazi ya mchungaji na kwaya tu. Kitambaa cha zambarau hutandikwa madhabahuni, mshumaa huwashwa, na watu wakiisha kurudi nyumbani, habari imekwisha hata Jumapili ijayo. Mimi naona hayo hayatoshi. Majilio yapasa kushikwa nyumbani, tena ninyi wanafunzi mwaweza kuyaanzisha, kwa kuwa mwezi wa Desemba shule zimefungwa nanyi mko pamoja na wazazi wenu.

Kungoja kwema si kukaa bure. Itazameni ndiva, ambayo wazee wetu wa Upare waliijenga. Jioni mlango wake huzibwa, maji ya kijito yakakusanyika usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, yakaenda kwa nguvu hata shamba la mbali. Lakini ndiva iliyojaa matope haina nafasi ya maji. Ndiyo maana watu huitana msaragambo, wakaizoa matope kwa majembe. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa imejaa ugomvi na uchafu wa moyo, Krismasi itafika na kupita, wala haitaacha kitu ndani yake.

Wengine watasema, “Siku hizo ni za vuli, kazi ya shamba ni nyingi, wala nafasi hatuna.” Neno hilo ni kweli, lakini si udhuru. Injili ya Luka ina sura 24. Mtoto ajuaye kusoma akisoma sura moja kila jioni tangu tarehe 1 Desemba, atamaliza kitabu chote tarehe 24, mkesha wa sikukuu. Makande hukaa motoni muda mrefu. Basi sura moja yasomwa kabla hayajaiva.

Wengine watasema, “Mishumaa ile minne ni desturi ya Wazungu.” Hilo nalo lina asili yake. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini. Watoto wakamwuliza kila siku, “Krismasi imefika?” Basi akatwaa gurudumu la gari, akaweka mishumaa juu yake, wapate kuhesabu siku wenyewe. Mwaona, yeye alitumia kitu kilichokuwa karibu. Nasi tutumie cha kwetu: kibatari chatosha, na taa ya nguvu ya jua yatosha. Tusigombee mshumaa tukasahau nuru.

Lakini jambo kubwa ni hili. Wakati wa Krismasi ndugu zetu hupanda milima, wakitoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Wako ndugu wasiosemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wakikutana siku ya sikukuu pasipo kupatana kwanza, watakula pilau moja kwa mioyo miwili. Tena fedha nyingi hutumika siku moja kwa nguo na nyama. Kisha Januari shule zafunguliwa, na mtoto hana madaftari wala sare. Je, hiyo ni furaha ya namna gani?

Basi nashauri kila Jumapili ipewe kazi yake. Ya kwanza, waliokosana wapatane, na aliye mbali apelekewe salamu mapema. Ya pili, watoto wamtekee maji na kumchanjia kuni mzee asiye na msaidizi. Ya tatu, wazazi watenge akiba ya shule ya Januari kabla ya kununua nguo. Ya nne, nyumba na ua visafishwe.

Nanyi msiwadharau majirani wasioshika siku hizi. Waislamu wana mfungo wao. Waadventista wa Sabato, waliofika Pare mwaka 1903, jina lao latokana na neno lile lile la kuja, kwa kuwa wanangojea kurudi kwake Kristo; lakini majira haya hawayashiki. Kazi ya kumtekea mzee maji haiulizi dini ya mzee.

Enyi wanafunzi, msingoje mkubwa awaamuru. Mwombeni baba au mama ruhusa, kisha jioni ile ya kwanza fungueni Luka, mkasome kwa sauti, hata nyanya aliye jikoni apate kusikia. Nyumba iliyojitengeneza siku 24 haitapungukiwa na furaha siku ya 25, hata kama hakuna nguo mpya.