Tanga Kubwa Halifai Mlingoti Mbovu

Siku hizi si ajabu kuwakuta vijana wa mjini wamekaa barazani wakijadiliana, si habari za kandanda peke yake, bali pia za kompyuta za kuchezea magemu. Huyu asema yake imechoka, yule asema ya binamu yake aliyeko Dubai yakimbia kama upepo. Mwisho wa maneno huwa mmoja: zitafutwe fedha, inunuliwe mpya. Mimi shauri hilo silikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kompyuta si kitu kimoja. Ni viungo vingi vilivyokutanishwa, na kila kimoja kina kazi yake. Prosesa hupiga hesabu. Kadi ya picha huchora yale tuyaonayo kwenye skrini. Ramu hushika mambo yanayotumika kwa wakati ule. Diski huweka akiba. Na pawasaplai hupokea umeme wa ukutani ikaugawa kwa wote. Karibu kila kimoja chaweza kung'olewa kikatiwa kingine. Nahodha ataelewa maneno haya mara moja. Jahazi likienda pole hakimbilii kununua jahazi jingine, wala hashoni tanga kubwa kabla ya kuutazama mlingoti. Kwanza huuliza: kinachotuchelewesha ni nini? Swali hili ndilo ambalo wengi hawalijibu kabla ya kutoa fedha, na hapo ndipo jasho la mtu linapopotea.

Kulijibu hakugharimu hata senti. Fungua mchezo unaokupa taabu, kisha upunguze ukubwa wa picha katika mipangilio yake, tuseme kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Ukichangamka, basi aliyelemewa alikuwa ni kadi ya picha. Usipobadilika, usiilaumu kadi. Huenda ikawa ni prosesa. Na kama taabu yako ni kungoja muda mrefu mchezo ufunguke, basi itazame diski.

Lakini kabla ya kununua chochote, safisha. Hapa kwetu pwani tuna joto, vumbi na hewa ya chumvi. Prosesa ikipata joto la kupita kiasi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mashine ngapi zimehukumiwa kuwa zimezeeka, kumbe feni imezibwa na vumbi, na ule urojo wa kupitisha joto uliopakwa juu ya prosesa umekauka! Brashi laini na kijichupa cha urojo huo ni gharama ndogo mno mbele ya bei ya kadi mpya.

Likishapita hilo, mwenye diski ya zamani, ile inayozunguka, na aanze na diski ya SSD. Hii haitaupa mchezo picha nyingi zaidi kwa sekunde, lakini mashine nzima itaamka. Tena yako magemu yasiyotaka tena diski ya kuzunguka. Starfield, iliyotoka mwaka 2023, iliitaja SSD katika masharti yake ya chini kabisa.

Kwa upande wa ramu, vipande viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Basi mwenye kipande kimoja asikitupe. Atafute mwenziwe wa aina ile ile. Nasema hivi kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya ramu ilipanda vibaya duniani, viwanda vilipoelekeza mali yao kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Ramu uliyo nayo ni mali, itunze.

Sasa tuje kwenye prosesa, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Kabla ya kuuliza jina la prosesa, uliza jina la ubao itakapokaa. Chukua mfano wa soketi ya AMD iitwayo AM4. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka 2017 aliweza, miaka mitano baadaye, kuing'oa na kutia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, kwenye mbao nyingi zile zile, na ramu ile ile, alimradi kwanza abadilishe programu ndogo ya ubao iitwayo bayosi. Faida yake si mbio peke yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Ryzen 5 1600 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, lakini 5600 imo. Intel nao wana desturi nyingine: prosesa zao za kizazi cha nane zilikataa kufanya kazi kwenye mbao za kizazi cha saba, ingawa soketi zalingana kwa umbo. Asiyejua haya hununua kitu kizuri kisicho na pa kukaa.

Na mlingoti wenyewe ni upi? Ni pawasaplai, nayo hakuna aionaye wala aisifuye. Wengi wetu hununua kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, na si vibaya, kwani ni imara na bei yake yastahimilika. Lakini hazikuundwa kwa michezo. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile ya mnara mdogo, ina pawasaplai ya wati 275. Kijana akiileta nyumbani akataka kuitia RTX 3060, kadi inayokula wati 170 peke yake na kudai waya wake wa umeme, huyo ametundika tanga la jahazi kwenye mtumbwi. Afadhali GTX 1650 ya mwaka 2019: yatosheka na wati 75, na zipo zinazopata umeme wao wote kwenye ubao bila ya waya wa pembeni. Asisahau pia kupima nafasi ndani ya sanduku, kwani masanduku membamba hutaka kadi fupi.

Akitaka kadi kubwa, basi abadilishe pawasaplai kwanza, na asinunue ile ya bei ya kutupa isiyo na jina. Ikiharibika yaweza kuondoka na ubao na kadi pamoja. Hapo ndipo cha rahisi kinapokuwa ghali.

Liko na jambo la skrini. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, haizidishi. Mwenye skrini hiyo akinunua kadi ya kumpa picha 140, sehemu kubwa ya fedha yake imekwenda kwenye asichokiona. Na hizo taa za rangi rangi zinazomeremeta ndani ya masanduku ya vioo, haziongezi hata picha moja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Najua wako wazazi watakaosema: haya yote ni ya nini, si mchezo tu? Nawaomba wasiharakishe. Kijana aliyekaa na mashine yake akaijua ugonjwa, akapima umeme, akalinganisha bei, kisha akaifungua na kuifunga kwa mkono wake, huyo hakucheza. Amejifunza mwanzo wa ufundi, na kesho huenda jirani akamletea yake. Kijana aliyepewa mashine mpya kila anapolia hakujifunza ila kulia.

Basi mzazi asikatae tu, wala asitoe tu. Amwambie mwanawe alete karatasi: mashine ina nini, kinachochelewesha ni kipi na amekijuaje, kitakachonunuliwa kitakubaliana na ubao na umeme uliopo au la, na cha zamani kitauzwa kwa kiasi gani. Akishindwa kuyaandika hayo, wakati wa kununua haujafika. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lianze hapo, kabla mkono haujaingia mfukoni.