TAHARIRI: NDEGE KUPITA KIMO, NA MTU KUSEMA KWELI



Sisi wa reli twaijua signali. Dereva akiipita ikiwa nyekundu, hata kwa urefu wa behewa moja, kazi yake i hatarini tangu saa ile. Leo twataka kuwaeleza habari za wenzetu wa angani, maana nao wana signali yao, ijapokuwa haionekani kwa macho.

Ndege ikiisha kuruka, mwongozaji aliye chini huiambia kwa redio: panda hadi futi 10,000, ukae hapo. Juu yake, labda kwa futi 1,000 tu, yapita ndege nyingine. Marubani ni wawili. Mmoja huyarudia maneno aliyoambiwa, ili mwongozaji ajue yamefika sawasawa. Hesabu hiyo hutiwa katika mtambo, na wote wawili huitazama. Zikibaki futi 1,000, mmoja hutamka kwa sauti.

Pamoja na hayo yote, ndege hupita kimo. Kwa nini? Sababu nyingi ni za kazi yenyewe, si za ulevi wala uvivu. Katika Kiingereza cha redio, elfu kumi na elfu kumi na moja zimechanganywa mara nyingi. Ndege nyepesi hupanda mbio, na futi 1,000 za mwisho zaweza kwisha kabla ya nusu dakika. Saa ya kimo hupima kwa kani ya hewa, na isiporekebishwa husema uongo. Tena rubani mmoja yu katika kujibu redio, mwingine yu katika kusoma orodha, na kila mmoja adhani mwenzake anatazama.

Basi mtu huyo afanyweje? Hili ndilo swali la chama.

Marekani walijifunza kwa damu. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA, safari namba 514, ikienda uwanja wa Dulles karibu na Washington, ilishuka mapema mno ikapiga mlima Mount Weather, Virginia. Watu wote 92 walikufa. Baadaye ikajulikana kwamba yapata majuma sita kabla, marubani wa kampuni ya United walikuwa wamekosea namna ile ile katika njia ile ile, wakaponea chupuchupu. Kampuni yao iliwaonya marubani wake. Onyo hilo halikuwafikia wale wa TWA.

Kwa hiyo mwaka 1976 njia mpya ikafunguliwa. Rubani huandika kosa lake, na barua haiendi kwa mwenye kuadhibu, bali kwa NASA, ambao huliondoa jina lake kabla ya kuwafundisha wengine. Aliyekosa pasipo kukusudia, akaandika katika siku 10, kwa masharti yaliyowekwa hatozwi faini wala leseni yake haisimamishwi. Mwenye jinai hana kinga hiyo. Ripoti za kupita kimo zikaja kwa wingi, na ndipo lile vurugu la kumi na kumi na moja lilipoonekana wazi.

Wako watakaosema kwamba huku ni kulegeza nidhamu. Twawajibu: mlevi na aadhibiwe, na mwenye kuvunja sheria kwa kusudi vile vile. Lakini ukimfukuza mtu mwaminifu kwa sababu amesema kweli, umewafundisha mia waliobaki kunyamaza, na shimo lile lile lingalipo njiani likimngoja mwingine. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Twataka nini? Twataka katika reli, bandari na viwanda pawe na mahali pa kupeleka habari ya kosa lililoponyoka, pasipo jina, mbele ya kamati ambayo wafanya kazi wana viti ndani yake. Kila tawi lilijadili neno hili katika mkutano wake ujao, na katibu atuletee maoni kwa maandishi. Afadhali kuhesabu barua kuliko kuhesabu maiti.