Pima Fremu Kabla ya Kununua Habu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ndugu msomaji, wahenga nawaheshimu sana, lakini kwa jambo hili naomba ruhusa ya kuwapinga. Katika baiskeli za kuruka, ambazo vijana wa mitaa yetu ya Eastlands wamezipenda, asiyechagua habu ya nyuma si mwendeshaji. Huyo ni mgonjwa anayesubiri kitanda tu!

Mchezo wenyewe ni huu: unasimama juu ya pedali na kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, ukuta hadi ukuta, bila kutia mguu chini. Ulianzia Hispania katika miaka ya 1970, watu wakiiga mchezo kama huo wa pikipiki, na tangu 1986 una mashindano ya dunia. Mwaka wa 2009 Danny MacAskill, kijana wa Uskoti, alionekana kwenye video akiendesha baiskeli juu ya ua wa chuma wenye ncha kali. Mamilioni ya watu walitazama wakashika vichwa.

Sasa kijana wa Kayole au Umoja atapata wapi pesa za baiskeli mpya kama ile? Basi hununua fremu ya mitumba, kisha huzunguka Gikomba akitafuta gurudumu. Akiona habu inang'aa na bei ni ya kuelewana, analipa. Akifika nyumbani, lo! Haiingii. Hapo ndipo nyundo na tupa hutolewa, na hapo ndipo hatari huanza.

Habu, kwa asiyeijua, ni kile kipipa cha katikati ya gurudumu kinachoshika spoki zote na kuzunguka juu ya gololi. Tuombe msaada wa somo la fizikia. Tuseme baiskeli ya kawaida ina gia ya mbele yenye meno 48, na ya kuruka ina meno 18. Ukikanyaga pedali kwa nguvu ile ile, mnyororo wa gia ndogo huvutwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu, maana 48 gawanya kwa 18. Mvuto huo wote huishia kwenye habu ya nyuma. Ikiteleza ukiwa hewani, kifua kinakutana na usukani na meno yanakutana na simiti. Meno ya baiskeli hununuliwa Gikomba. Ya mdomoni hayana mitumba.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: fremu ndiyo inayochagua habu, si macho wala mfuko. Mambo ya kuiuliza fremu ni matano tu.

Kwanza, upana. Pima nafasi kati ya ile midomo miwili ya nyuma inayoshika ekseli, kutoka ndani hadi ndani. Fremu nyingi za kuruka za gurudumu la inchi 20 huwa na milimita 116, za BMX milimita 110, na za milimani milimita 135. Za milimani za siku hizi zimefika 142 na hata 148. Habu nayo hupimwa kutoka uso wa nje wa nati ya kufungia upande mmoja hadi upande wa pili. Usipime ekseli ncha kwa ncha! Wengi hudanganyika hapo.

Pili, unene wa ekseli. Habu nyingi za kawaida zina milimita 10, na BMX nyingi zina milimita 14. Fremu zile mpya za milimita 142 na 148 hutumia ekseli ya milimita 12 inayopita ndani ya matundu, kwa hivyo habu ya nati haziitaki kabisa.

Tatu, breki. Habu ya diski ni bure kama fremu haina mahali pa kufungia breki ya diski.

Nne, matundu ya spoki. Gurudumu la nyuma la Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo, kwa kawaida lina spoki 40. Habu za kuruka aghalabu zina 28, 32 au 36. Idadi ya habu na ya rimu sharti zilingane.

Tano, mnyororo. Gia ya nyuma na ya mbele zinyooke katika mstari mmoja. Tena, angalia friwili iko wapi. Baiskeli nyingi za kuruka za inchi 20 huiweka mbele kwenye kranki, kwa hivyo nyuma huhitaji gia iliyokazwa. Kama friwili iko nyuma, uliza inakamata mara ngapi katika mzunguko mmoja. Ya mara 18 huacha pedali izunguke hadi nyuzi 20 kabla ya kushika. Ya mara 72 ni nyuzi 5 tu. Mrukaji anahitaji ishike papo hapo.

Najua wapo watakaosema, "Wacha maneno mengi, fundi atajua!" Sisemi haya kuwadharau mafundi wetu. Mafundi wa Kamukunji ndio wanaogeuza mabati kuwa masanduku tunayobeba tukienda bweni. Lakini fundi hufanya kazi na kile ulichomletea. Ukimletea habu ya 135 kwa fremu ya 116, hizo ni milimita 19 zilizozidi, na hata fundi stadi hana dawa yake. Kama habu ni nyembamba kidogo, washa za chuma zinaweza kusaidia, mradi ekseli ni ndefu na mnyororo haupindi. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa milimita chache na mtu ajuaye. Ya alumini haipanuliwi. Hupasuka, na haitoi taarifa kabla ya kupasuka. Na ukiipiga tupa midomo ya fremu, umekata nyama ile ile inayokubeba.

Wengine watasema kupima ni mambo ya wenye pesa. La hasha! Mwenye pesa akikosea atanunua nyingine. Aliyeweka akiba ya nauli muhula mzima, akitembea kwa miguu kando ya Jogoo Road, ndiye hasa asiyeweza kukosea. Rahisi isiyoingia ni ghali.

Walimu wetu wapendwa, twaomba siku moja somo la vipimo lifanyike nje, baiskeli ikiwa mezani. Nanyi wenzangu, ile rula ya seti ya jiometri ina milimita 150. Ilaze juu ya midomo ya fremu, nayo itatosha hata kwa ile fremu ya 148. Andika namba zako tano kwenye karatasi, uitie mfukoni, ndipo uende sokoni. Muuzaji akikwambia "hii inaingia kila baiskeli," itoe rula yako taratibu, upime mbele yake.