Coccinelle: kung'oa mabati ni kuua motere

Fundi anayeng'oa mabati ya motere ya Volkswagen Coccinelle ya zamani, eti ipate kupumua, anaipika. Motere hiyo haina maji wala radiateri. Mkanda mmoja unazungusha dinamo pamoja na feni, na mabati ndiyo yanayopeleka hewa kwenye silinda zote 4. Mpira wa pembeni ukikosekana, hewa ya moto inapanda kutoka chini na kuvutwa tena na feni. Silinda ya 3 ndiyo inateseka zaidi, hasa kwenye modeli za kabla ya 1971, kwani kipoza mafuta kinaizibia upepo. Na mafuta yenyewe ni lita 2.5 tu! Mwenye gari ananunua rangi mpya. Mpira, anasema, utangoja. Siku mkanda ukikatika, azime motere palepale, hata kama nyumbani kumebaki mlima mmoja.