Askari naye ana mama



Mama yetu alipoanza kusafishwa damu mwaka 2014, kaka yangu, askari, alikuwa mashariki mwa Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mara tatu kwa wiki, kwa saa nne nne, mimi ndiye niliyekaa kando ya mashine. Yeye alipiga simu mtandao ulipomruhusu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Mama amekula?" Nilimjibu amekula, hata siku alizotapika kila kitu. Mtu aliyeshika bunduki humwambii yote.

Siombi jeshi liendeshwe kwa machozi ya familia. Kiapo ni kiapo, na kaka hakulalamika hata mara moja. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyompa mfanyakazi walau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua, haiwahusu wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Na hata ingewahusu, kaka asingefaidika: ilitaja ugonjwa wa mtoto, si wa mzazi. Ruhusa ikabaki mikononi mwa mkuu wake, na wakuu hawalingani, kama walivyo wakwe.

Mama alifariki siku 11 kabla kaka hajarudi.

Wabunge wetu, mtakapojadili tena maslahi ya askari, mtajeni mzazi mgonjwa, na iwe kwa maandishi.

Mdogo wa askari,
Morogoro