Ukungu Ndani ya Kioo



Mwezi uliopita dada zetu walitutaka tuitoe kabatini kamera ya marehemu baba, ili mjukuu wake apigwe picha siku ya arusi kwa chombo kile kile kilichompiga nyanyake. Tulipoimulika lenzi kwa tochi tulinyamaza. Kioo kilikuwa kimefifia kama dirisha la jikoni, na pembeni zimetambaa nyuzi nyeupe mithili ya mizizi.

Kiswahili huyaita yote mawili ukungu, lakini maradhi ni mbalimbali. La kwanza ni utando: mafuta yanayolainisha pete za lenzi huvukizwa polepole na joto, yakaganda juu ya vioo vya ndani. Huo aghalabu hufutika. La pili ni kuvu, kiumbe hai kinachokula vumbi na mafuta, kikastawi penye giza na unyevu. Kuvu hutoa asidi inayotafuna tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe. Kuvu huuawa na kufutwa. Jeraha lake halifutiki.

Fundi aliifungua mbele yetu. Kila kioo alikitia alama ya penseli ukingoni, kisije kurudishwa kinyume. Utando aliuondoa kwa kitambaa laini kilichodondoshewa spiriti safi, akianzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Kuvu aliipaka haidrojeni peroksaidi ya 3%, ile iuzwayo maduka ya dawa, akangoja kidogo, akaipangusa. Asiye na vifaa wala ujuzi asijaribu kuifungua lenzi. Na hata kile kioo cha nje kisifutwe kwa upindo wa kanga: vumbi likisuguliwa kavu hukwaruza. Lipeperusheni kwanza.

Lililotuchoma moyo ni maneno ya fundi kuhusu ule mfuko wa ngozi. Miaka yote hiyo tuliifungia kamera humo kwa kumheshimu baba, wala hakuruhusiwa mtu kuigusa. Ngozi hunyonya unyevu na kuushika, na pwani yetu haijakosa unyevu. Kumbe heshima yetu ndiyo iliyoilea kuvu.

Basi mwenye kamera ya mzee wake naaitoe mfukoni leo. Aiweke ndani ya kasha linaloziba barabara, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya, na avibadilishe vikichoka. Kila mwezi aitoe, aimulike, aitumie.

Arusi imepita, alhamdulillahi. Shangazi mtu ndiye aliyepiga picha za ukumbi wa wanawake, na filamu imesafishwa salama. Palipokuwa na taa mbele ya lenzi, mwanga umetawanyika kidogo, kwa sababu ya jeraha la kuvu. Bi arusi amezipenda. Sisi kila tukizitazama, jicho huiendea ile alama.