Si Kweli Kwamba Vita Vyote Huishia Mezani

Kila mashariki ya Kongo inapowaka moto, kauli ni ile ile: vita vyote huishia mezani. Mabalozi huitoa, wachambuzi huirudia redioni, na viongozi wa dini wenye nia njema huihubiri. Kwa Kongo kauli hiyo ni uongo, tena uongo unaoua watu. Kule, kwa zaidi ya miaka 20, meza ndiyo imekuwa ikizaa vita vinavyofuata.

Tuhesabu meza hizo za mazungumzo. Lusaka, 1999. Pretoria, Desemba 2002. Goma, Januari 2008, ambako zaidi ya makundi 20 yenye silaha yalitia sahihi. Addis Ababa, Februari 2013, nchi 11. Zikafuata Nairobi, Luanda na Doha. Desemba 4, 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia sahihi makubaliano ya amani mjini Washington mbele ya Donald Trump. Haikuisha wiki, waasi wa M23 wakaingia mji wa Uvira, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kukimbilia Burundi. Anayesema M23 hawakuwemo Washington akumbuke kwamba mwezi uliotangulia walikuwa wametia sahihi yao Doha.

Mkataba mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda, nao ni ule wa Machi 23, 2009, uliowapa M23 jina lao. Wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP waliingizwa katika jeshi la taifa pamoja na vyeo vyao. Kamanda wao Bosco Ntaganda, ambaye tangu 2008 dunia nzima ilijua kwamba anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akawa jenerali wa jeshi hilo. Aliishi Goma bila kujificha. Alikula mikahawani na kucheza tenisi katika mji uliojaa magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Hoja iliyomkinga ilikuwa moja: kumkamata kutavuruga amani. Aprili 2012 askari wale wale waliasi, M23 ikazaliwa, na Novemba wakaiteka Goma. Mwaka uliofuata Ntaganda alijisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Kwa miaka ile aliyoachwa huru kwa jina la amani, wananchi wa Kivu ndio waliolipa.

Kijana wa Masisi, huko Kivu, anayetazama haya yote anajifunza nini? Mwalimu anayefundisha bila mshahara haitwi mezani. Mama anayelala kambini tangu shamba lake litekwe haitwi. Mwenye bunduki ndiye anayekatiwa tiketi ya ndege, akalazwa hotelini, na mwishowe akapewa cheo. Serikali ya mpito ya 2003 ilikuwa na makamu wa rais wanne, na wawili kati yao, Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa, walitoka moja kwa moja kwenye vikundi vya waasi. Tangu hapo, kila kamanda mwenye watu mia msituni anajua njia ya kufika mjini.

Watetezi wa meza husema hakuna budi, kwa kuwa serikali ya Kongo ni dhaifu. Ni dhaifu kweli. Lakini udhaifu huo una mahali unapokaa, na mahali pamoja ni kwenye mishahara ya jeshi. Kwa miaka mingi fedha za askari zilipita mikononi mwa makamanda, na kila mkono ulimega chake. Kamanda mwenye majina mengi kwenye orodha alivuna zaidi, hivyo wanajeshi hewa wakajaa. Askari wa kweli, asiyelipwa, alifunga barabara kwa kamba na kumtoza mkulima anayepeleka maharage sokoni. Jeshi la namna hiyo halilindi mtu, na kila jirani mwenye tamaa hupita katikati yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba wanajeshi wa Rwanda wanapigana pamoja na M23, jambo ambalo Kigali inalikana.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipeleka Kongo washauri wachache wa kijeshi. Kazi yao mojawapo ilikuwa kuondoa fedha za mishahara mikononi mwa makamanda, kuhesabu askari mmoja mmoja na kuwapa vitambulisho. Majina mengi yalikutwa hayana wenyewe. Kazi hiyo haikupigiwa picha wala haikupokewa kwa zulia jekundu, lakini iligusa kidonda chenyewe. Laiti ingeshikiliwa kwa nguvu zilizotumika kuitisha mikutano! Serikali ilikuja kutangaza nyongeza kubwa ya mishahara ya askari 2025, Goma ikiwa tayari imeanguka tena mikononi mwa M23.

Sitaki vita. Mazungumzo yana kazi yake: kunyamazisha bunduki, kubadilishana wafungwa, kufungua njia ya chakula na dawa. Mazungumzo ya Sun City, yaliyozaa mkataba wa Pretoria, yaliifikisha Kongo kwenye uchaguzi wa 2006, na hilo ni jema. Ninachokataa ni meza inayogawa vyeo na kinga kwa waliomwaga damu.

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo suala hili ni letu pia. Viongozi wetu waache kupima mafanikio kwa idadi ya sahihi. Wapatanishi tunaowatuma waende na masharti matatu: asiwepo mwasi atakayepewa cheo cha jeshi kwa sababu ya uasi wake, asiwepo mtuhumiwa wa mauaji atakayesamehewa kwa jina la amani, na mshahara wa askari umfikie askari mwenyewe. Mkataba usiobeba masharti hayo tuukatae mchana kweupe, hata kama utatiwa sahihi na marais kumi, kwa sababu watakaoulipia ni watu wa Rutshuru, Bukavu na Uvira.